Fahamu: Jinsi ya kuhamishia Windows kwenye SSD kubwa zaidi

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na wengi wamelazimika kuhamia Windows 11, inayohitaji angalau GB 64 za hifadhi. Kwenye SSD ya GB 128, nafasi huisha upesi.

Je, inatosha kunakili mafaili?
Hapana. Kompyuta huwaka kwa kutumia sehemu ndogo ya diski iliyofichwa, usiyoiona ukifungua diski C. Ndiyo maana hutumika programu ya kunakili diski nzima, kama Clonezilla, ambayo ni ya bure.

Uanzie wapi?
Hifadhi nakala ya kazi zako kwingine. Hakikisha aina ya SSD inayokubaliwa na kompyuta yako: SATA na NVMe haziingiliani, hata zikifanana umbo. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba diski, imewashwa, isitishe kwa muda na utunze ufunguo wake. Kisha unganisha SSD mpya kupitia kasha la USB na uanze kunakili.

Hatari iko wapi?
Kwenye kuchagua chanzo na lengo. Ukivigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya ile ya zamani na kufuta kila kitu. Soma jina na ukubwa wa kila diski kabla ya kuthibitisha.

Mbona C haijaongezeka?
Mara nyingi sehemu ya uokoaji ya Windows huwa imekaa kati ya C na nafasi mpya. Isogeze mwisho kwa programu ya GParted, kisha panua C.

Usifute SSD ya zamani hadi uhakikishe mpya inawaka yenyewe.