Oili ya giaboksi haina mwenyewe

Ingia gereji yoyote ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au simama mbele ya maduka ya Kirinyaga Road kule Nairobi, uulize bei ya kubadilisha oili ya injini. Utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Uliza sasa oili ya giaboksi ya gari la otomatiki. Jibu litakuwa swali: "Kwani inasumbua?" Ukisema haisumbui, fundi atakushauri uiache kama ilivyo. Ukisema inasumbua, atakushauri uiache vilevile, ila safari hii ataongeza kwamba ukiigusa itakufa.

Ni rahisi kumcheka fundi huyo, lakini ushauri wake una hesabu ndani yake, na ni hesabu ya biashara kuliko ya ufundi. Oili ya injini ina mwenyewe. Mwenye gari anajua ni wajibu wake, stika ya kilomita imebandikwa karibu na usukani, fundi anapata chake, duka linapata chake. Oili ya giaboksi kila mmoja anamsukumia mwenzake: kiwanda kwa mnunuzi wa kwanza, mnunuzi wa kwanza kwa wa pili, muuza duka kwa fundi, fundi kwa dereva. Bili hufika kwa yule aliyekuwa ameshika usukani siku gia zilipogoma kuingia.

Tuanzie bandarini. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yametumika kwanza Japani, na mengi ni otomatiki: Vitz, IST, Passo, Premio, Fielder, Nissan Note, Mazda Demio, Honda Fit. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, lakini gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Maana yake ni kwamba gari linapofungwa namba za huku, giaboksi yake imeshafika, au imeshapita, umri ambao oili ilipaswa kubadilishwa walau mara moja. Karatasi ya mnada inayokuja na gari inaonyesha mikwaruzo ya bodi, alama ya jumla na kilomita. Habari za oili ya giaboksi mnunuzi wa Ubungo au Ngong Road hazipati popote.

Baadhi ya watengenezaji wa magari wamechangia kuchanganya mambo kwa kuandika kwamba oili hii ni ya maisha yote ya gari. Maisha hayo hayakupangwa kwa kumfikiria mmiliki wa tatu, mwaka wa kumi na nne, kwenye foleni ya Mandela Road saa nane mchana. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi zinazofungwa kwenye BMW na magari mengine mengi, yenyewe hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka 8 hivi, na mapema zaidi gari likifanyishwa kazi ngumu. Aliyetengeneza boksi anasema badilisha, aliyetengeneza gari anasema acha. Mimi namsikiliza wa kwanza.

Sasa ile imani kwamba oili mpya inaua giaboksi. Haikutoka hewani. Ndani ya boksi la otomatiki mna pleti za klachi zilizobandikwa nyenzo ya kukamata, na nyenzo hiyo hulika kidogo kidogo, vumbi lake likielea ndani ya oili. Oili yenyewe nayo huchoka kwa joto, ikapoteza uwezo wa kushika na kupoza. Mwenye gari hana habari, kwa sababu gari linatembea. Siku gia zinapoanza kuchelewa au kupiga ndipo anapokumbuka kwamba kuna oili, na kufikia hapo pleti zimeshakwisha. Oili inabadilishwa, boksi linakufa wiki inayofuata, mtaa mzima unahesabu kifo kingine kilichosababishwa na oili mpya. Wagonjwa wanaopelekwa hospitali siku ya mwisho hufia hospitali. Boksi zile zilizobadilishiwa oili zikiwa nzima zinaendelea kutembea, na hakuna anayezisimulia.

Kwa fundi, mizani imekaa vibaya. Ujira wa kumwaga na kujaza oili ni mdogo. Boksi likifa mikononi mwake, mteja anarudi na shemeji wawili na madai ya kulipwa giaboksi nzima, ambayo bei yake inameza ujira wa mabadilisho mengi mno. Hana bima, hana mkataba, hana hata karatasi ya kuonyesha gari lilikuja na hali gani. Akikataa kazi hapotezi kitu. Na tuseme kweli, kuna kazi anayofanya vizuri kuikataa. Kusukuma oili mpya kwa mashine ndani ya boksi chafu lililokwisha kuonyesha dalili kunaweza kung'oa uchafu na kuupeleka kwenye vitundu vya vali. Njia ya upole ni kumwaga kinachotoka kwa koki, kujaza kiasi hichohicho, kutembea, na kurudia.

Anayeamua kitakachoingia kwenye boksi, hata hivyo, mara nyingi si fundi. Ni kijana wa kaunta kwenye duka la spea. Mtaani oili hii inaitwa haidroliki, jina ambalo pia limepewa oili ya usukani, na zote ni nyekundu. Wekundu huo ni rangi tu iliyotiwa ili mtu aitofautishe na oili ya injini. Hausemi lolote kuhusu kilichomo. Toyota ya zamani kidogo inataka oili iitwayo T-IV. Toyota iliyofuata inataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Ukizimimina kwenye glasi mbili zinafanana, na ndiyo maana swali la kaunta huwa "unataka ya bei gani?"

Makopo mengi ya bei nafuu bado yameandikwa Dexron III. Dexron ni alama ya General Motors, na kampuni hiyo iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Oili iliyoandikwa hivyo leo inaweza kuwa nzuri au mbaya. Unachonunua ni neno la aliyeichanganya, basi. Kuhusu kilichomo, wengi wetu tunadhani oili ni oili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilitia kwenye oili za giaboksi mafuta ya nyangumi, kwa sababu ya namna yalivyosaidia pleti kukamatana bila kushtuka. Uwindaji wa nyangumi ulipobanwa, viwanda vililazimika kutafuta kemikali za kushika nafasi hiyo. Ubora wa oili hii uko kwenye viungo hivyo vidogo, na hivyo ndivyo anayebana gharama huvipunguza kwanza.

Kwenye CVT kosa ni ghali zaidi. Boksi hili halina gia za kupanda na kushuka. Lina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Oili yake inatakiwa ilainishe na wakati huohuo iuache mkanda ukamate. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana CVTF TC na FE. Mimina haidroliki nyekundu humo na mkanda unaanza kuteleza, unachimba puli, na hapo hakuna cha kurekebisha. Kioja ni upande wa pili: Toyota za mseto kama Aqua na Prius zimeandikwa kwenye matangazo kwamba zina CVT ya umeme, muuzaji akisikia CVT anafikia rafu ya CVT. Hazina mkanda wala puli. Nyingi zinataka WS ileile.

Kazi yenyewe, ikifanywa na mtu anayeijua, haina maajabu. Fundi mzuri hufungua kwanza bolti ya kujazia, kabla ya koki ya kumwagia, maana ya kujazia ikigoma baada ya boksi kuwa tupu gari limelala hapo. Kisha anakinga oili kwenye beseni na kuimimina kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu. Chupa mbili zikijaa, anajua zirudi lita 3. Kwa IST au Premio ya boksi la kawaida ndicho kiasi kinachotoka, ilhali mfumo mzima unabeba zaidi ya mara mbili ya hapo, nyingine ikiwa imejificha kwenye konveta. Ndiyo sababu mtu anayemwaga mara moja amebadilisha chini ya nusu. Akirudia mara tatu, akitembeza gari katikati, oili mpya inapita asilimia 80, na amekwisha kutumia lita 9. Makopo ya oili halisi ya Toyota kutoka Japani yanakuja na lita 4, kwa hiyo ni makopo mawili na ushei. Hapo mteja anapouliza kama mara moja haitoshi, fundi anayetaka kumaliza siku kwa amani anasema inatosha.

Mahali ambapo hata mafundi wazoefu huteleza ni kwenye kupima. Toyota nyingi za WS hazina stiki ya kuvuta na kufuta kwa kitambaa. Kipimo ni tundu lililo chini ya sampo: injini inaunguruma, bolti inafunguliwa, na oili inayozidi inachuruzika mpaka ibaki matone. Sharti ni kwamba oili iwe kati ya nyuzi joto 35 na 45 hivi, kutegemea modeli. Dar es Salaam mchana gari lililolala kivulini linaanza likiwa karibu na nyuzi 32. Dakika chache za kuunguruma na nafasi ya kupima imepita. Gari lililofika gereji likitoka barabarani limeshavuka nyuzi hizo zamani, oili imetanuka, na ukifungua tundu hapo itamwagika zaidi ya inavyopaswa. Mteja anaondoka na boksi lenye oili pungufu, bora kabisa, halisi kabisa, na gia zinaanza kuchelewa. Kesi nyingine ya "waliigusa ikafa".

Anayefaidika na haya yote ni muuza boksi la mtumba. Giaboksi zinakuja zikiwa zimeng'olewa, au zikiwa bado kwenye nusu gari, kutoka Japani moja kwa moja au kupitia Sharjah, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ni wateja wa siku nyingi. Soko la Kisekka mjini Kampala, Gerezani na Kirinyaga Road zinaishi kwa biashara hii. Dhamana ya kawaida ni ya maneno: funga, jaribu, ukiona shida rudisha ndani ya siku kadhaa. Boksi hilo nalo lina oili ya Japani isiyojulikana umri wake. Ni wachache wanaoimwaga kabla ya kulifunga, wakati ambapo kazi hiyo ni rahisi kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa boksi liko chini sakafuni.

Serikali ipo, kwa kiasi chake. Mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yana viwango vya vilainishi, EWURA hutoa leseni kwa wanaofanya biashara hiyo Tanzania, na bidhaa bandia zina Tume ya Ushindani (FCC) Tanzania na mamlaka yake kule Kenya. Lakini mkaguzi anayekamata kopo la bandia hana la kufanya na kopo halali lililoingia kwenye boksi lisilo lake.

Uzito wa jambo hili uko kwenye magari ya abiria ya mtandaoni. Chukua IST inayotembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mwaka ukiisha ni kilomita 46,800, karibu zote za foleni, breki na kiyoyozi. Kwa matumizi ya namna hiyo kubadilisha oili ya giaboksi kila mwaka si anasa, na gharama yake haizidi hesabu ambayo dereva humpelekea mwenye gari kwa siku chache. Ila mwenye gari haendeshi, na anayeendesha si lake. Makubaliano yao, ya mdomo au ya karatasi, kwa kawaida yanasema dereva atafanya sevisi na mwenye gari atabeba matengenezo makubwa. Oili ya injini imo kwenye sevisi, hilo halina ubishi. Giaboksi ikifa imo kwenye matengenezo makubwa, hilo nalo halina ubishi. Oili ya giaboksi dereva anaiita matengenezo makubwa, mwenye gari anaiita sevisi, na hesabu ya jioni inatumwa kama kawaida.