Kitunguu Chini ya Hadubini

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu kiitwacho Micrographia, ambamo alieleza jinsi alivyokata kipande chembamba mno cha gome litumiwalo kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vilivyopangana mfano wa masega ya nyuki, akaviita kwa neno la Kiingereza ambalo ndilo asili ya neno letu «seli». Hakuridhika kuviona tu. Alivihesabu, akakadiria kwamba inchi moja ya ujazo ina vijumba zaidi ya milioni 1,200. Vyote alivichora vitupu, kwa kuwa gome lile lilikuwa limekwisha kufa na kilichobaki ni kuta peke yake. Kiini kilipewa jina na Robert Brown mwaka 1831, naye alikiona katika mimea iliyo hai.

Hooke, basi, alichora alichokiona. Jambo hilo, ambalo huonekana jepesi, ndilo aghalabu humshinda mwanafunzi wa sekondari. Hupewa ngozi ya kitunguu aitazame, naye hurudisha mchoro wenye kloroplasti za kijani zilizotawanyika ndani ya seli. Kitunguu hukua ardhini, na magamba yake ya ndani hayana kloroplasti hata moja. Zimetoka wapi? Zimetoka katika mchoro wa kitabu. Mwalimu akiupa mchoro huo alama zote kwa sababu ni safi, somo zima limepotea.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vingi. Kwa kibanio huambuliwa utando laini ulio upande wa ndani wa gamba la kitunguu. Hutandazwa bila mikunjo juu ya kioo chenye tone la maji, kisha huongezwa tone la iodini. Kifuniko huegemezwa upande mmoja na kushushwa polepole, ili hewa itoke. Viputo vya hewa vikisalia huwa na ukingo mweusi mnene wa mviringo, nao wamedanganya wanafunzi wengi wakadhani ndizo seli. Kutazama kuanze kwa lenzi yenye nguvu ndogo kuliko zote. Kioo kikisukumwa kulia, taswira huenda kushoto.

Kinachoonekana ni safu za seli ndefu zilizobanana, na katika seli nyingi doa la rangi ya kahawia hafifu: hicho ndicho kiini. Mara nyingi kimesukumwa ukutani, si katikati, kwa kuwa sehemu kubwa ya seli imejaa utomvu. Zipo pia seli ambazo kiini chake hakionekani. Zichorwe hivyo hivyo.

Kisha zipimwe. Rula angavu iwekwe chini ya lenzi, isomwe milimita ngapi zinaenea kipenyo cha duara la mwanga. Tuseme ni milimita 1.8, na seli 6 zimepangana kwa urefu toka ukingo hadi ukingo: kila moja ina urefu wa milimita 0.3 hivi. Kumbe seli hiyo si ndogo sana. Macho makali hukaribia kuiona bila chombo. Hesabu hii ya dakika tano ina faida kuliko majina kumi ya kukariri.

Anayetaka kloroplasti azitafute zilipo. Jani changa la Hydrilla, gugu la majini lipatikanalo katika maziwa yetu, lina unene wa seli mbili tu, hata halihitaji kukatwa. Likiangazwa kwa dakika kadhaa, chembe za kijani huonekana zikisafiri kandokando ya ukuta, moja nyuma ya nyingine, zikichukuliwa na saitoplazimu inayotiririka. Maji yakianza kukauka chini ya kifuniko, tone moja liongezwe pembeni, na mtazamaji awe na subira.