Homa ya Ini B: Kwa nini usiache dawa hata kama virusi havionekani?

Huenda ulipimwa damu ukaambiwa una homa ya ini B, ukaandikiwa vidonge vya tenofoviri. Muda ukapita, kipimo kikaonyesha virusi havionekani tena. Wewe uko Ganako, shamba linakungoja na nauli ya kufuata dawa si haba. Unajiuliza: nimepona, niendelee kumeza vya nini? Tafadhali usiache kabla ya kuongea na daktari wako.

Kirusi hiki ni kidogo mno. Herufi zake za urithi ni kama 3,200 tu, wakati za binadamu ni zaidi ya bilioni 3. Kikiingia katika seli ya ini, DNA yake huenda hadi kwenye kiini, mahali inapohifadhiwa DNA yetu, na huko hujifunga ikawa pete. Hapo seli yenyewe huizungushia pete hiyo kwenye protini ziitwazo histoni, kama inavyofanya kwa DNA yetu. Mfano wake ni uzi wa cherehani. Ukikazwa, hausomeki, na kirusi hukaa kimya. Ukilegea, seli huusoma na kuanza kutengeneza virusi vipya. Kukaza na kulegeza huku huongozwa na alama za kikemikali, bila herufi hata moja kubadilika. Elimu hii huitwa epijenetiki.

Seli ina mlinzi wake, kundi la protini liitwalo Smc5/6, ambalo huinyamazisha pete. Lakini kirusi nacho kina protini iitwayo X (ilipewa jina hilo kwa kuwa kazi yake haikujulikana), na mwaka 2016 ilibainika kuwa X humfanya mlinzi huyo avunjwevunjwe. Adui mdogo, hila kubwa!

Sasa tenofoviri huzuia kirusi kunakili RNA yake kuwa DNA mpya. Pete iliyoko ndani ya kiini haiigusi. Ukiacha kiholela, virusi vyaweza kurudi kwa wingi, ini likavimba vibaya, na wapo wanaopoteza maisha. Dawa za kuinyamazisha pete moja kwa moja bado zinatafitiwa.

Hata aliyepona kabisa huweza kubaki na pete hizo. Kwa hiyo ukipangiwa dawa za saratani, au prednisoloni kwa wingi na kwa muda mrefu, mweleze daktari kwamba uliwahi kuugua, hata kama imepita miaka 20.

Na walio nyumbani? Mke au mume na watoto wapimwe, na ambao hawana wachanjwe. Tanzania iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Kirusi huweza kuishi nje ya mwili siku 7, kwa hiyo wembe wa kinyozi, wa tohara au wa hijama usitumike kwa watu wawili. Mswaki kila mtu na wake. Lakini kula sinia moja, kupeana mkono au kutumia birika moja la udhu hakuambukizi, basi msimtenge ndugu yenu.

Jambo moja zaidi kwa wakulima wa Karatu: mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo ikikutana na kirusi hiki huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Yakaushe vizuri kabla ya kuyahifadhi, na yaliyoota ukungu usiyapeleke mashineni.