Redio ya intaneti inaponyamaza, chunguza orodha kwanza

LWAKHAKHA, mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, umegawanywa na mto wenye jina hilo hilo unaoteremka kutoka Mlima Elgon. Kibukusu cha ng'ambo hii na Kimasaaba cha ng'ambo ile ni lugha za ukoo mmoja, na si ajabu nyumba moja kutaka kusikiliza Sulwe FM asubuhi na Step FM ya Mbale jioni.

Hata hivyo, mawimbi ya FM husafiri takriban kwa mstari ulionyooka na vilima huyakatiza. Hapo ndipo kompyuta au simu iliyounganishwa na spika sebuleni inapochukua nafasi ya redio ya kawaida. Kisha siku moja stesheni hunyamaza, na mwenye nyumba huamini kwamba imefungwa. Mara nyingi sivyo.

Kinachohifadhiwa katika programu ya muziki si stesheni yenyewe, bali anwani yake. Faili za orodha za aina ya M3U na PLS, zilizoenea enzi za Winamp mwishoni mwa miaka ya 1990, ni maandishi matupu yasiyo na sauti ndani yake. Stesheni ikihamia seva nyingine, au ikibadilisha anwani kutoka http hadi https, orodha ya zamani hubaki ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Njia ya kubaini ni rahisi. Faili hiyo ifunguliwe kwa programu yoyote ya kuandikia, anwani iliyomo inakiliwe, kisha ijaribiwe katika programu nyingine, kwa mfano VLC. Ikisikika huko, kasoro iko kwenye programu ya kwanza, pengine kwa kuwa ni kuukuu na haielewi https. Isiposikika kokote, anwani mpya itafutwe kwenye tovuti ya stesheni yenyewe.

Wanaotegemea saraka za stesheni wana hatari ya ziada. Huduma ya Reciva ilipofungwa mwaka 2021, redio nyingi za intaneti zilizokuwa zikiitegemea zilipoteza orodha zake, ilhali stesheni zenyewe ziliendelea kutangaza kama kawaida.

Foleni nayo ina vituko vyake. Wimbo una mwisho. Matangazo ya moja kwa moja hayana. Anayeweka stesheni ya habari katikati ya foleni, akitarajia nyimbo zake zifuate baada ya taarifa, atasubiri hadi usiku wa manane. Stesheni iwekwe mwisho wa foleni, au programu iwekewe saa ya kubadilisha.

Kinyume chake pia hutokea. Mtandao ukikatika kidogo, programu huweza kudhani kwamba wimbo umekwisha, ikarukia kitu kinachofuata. Msikilizaji aliyekuwa akifuatilia matangazo ya vifo hujikuta ghafla akisikiliza rumba. Kuweka stesheni peke yake katika foleni na kuwasha kitufe cha kurudia husaidia, kwa kuwa programu hulazimika kuijaribu tena stesheni ile ile.

Wengine hushangaa kuona jina moja mara tatu katika orodha na kuyafuta mawili. Aghalabu hizo ni seva tofauti za stesheni moja. Ya kwanza ikijaa, ya pili hupokea. Ziachwe.

Sauti inayokatika kila baada ya sekunde chache ni jambo jingine. Tiba yake ni kuongeza akiba ya sauti ambayo programu hujiwekea kabla ya kuanza kucheza. Katika VLC toleo la 3 kiwango cha kawaida ni milisekunde 1,000. Kukipandisha hadi 5,000 huchelewesha mwanzo kidogo tu.

La mwisho linagusa mfuko. Stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Ya kilobiti 64, nusu ya hizo. Kuzima sauti ya spika hakusimamishi ulaji huo, na redio iliyosahauliwa kwa saa nane za usingizi humaliza megabaiti 460. Katika mji wa mpakani kama Lwakhakha, simu inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kujua na kutozwa kwa bei ya ugenini. Kabla ya kuwasha redio, matumizi ya data ugenini yazimwe kwenye simu, na mtandao wa nyumbani uchaguliwe kwa mkono.