Je, Wajua? Prosesa Hupimwa kwa Namba Tasa

Prosesa iliyoongezwa kasi kupita kiwango cha kiwandani hupewa mtihani wa hesabu. Programu ya Prime95, iliyozaliwa katika msako wa namba tasa kubwa ulioanza 1996, huipa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Jibu moja likikosewa, mpangilio huo wa kasi haufai, hata kama kompyuta haijazimika.

Kasi kubwa huongeza joto, na hivyo huweza kupunguza kazi. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe.

Katika kupambana na joto hilo, shaba husaidia; mji wa Lubumbashi, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulianza kuiyeyusha 1911. Shaba hupitisha joto karibu mara 1.7 zaidi ya alumini, ndiyo maana hutumika kwenye vipoza joto vya prosesa. Hata nyaya nyembamba ndani ya chipu ni za shaba, teknolojia ambayo IBM iliitangaza 1997.

Lubumbashi yenyewe iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo feni ileile, kwa mzunguko uleule, huondoa joto kidogo kuliko ambavyo ingeondoa pwani. Anayeongeza kasi Lubumbashi aipime mashine yake palepale, tena Oktoba, mwezi wa joto kali.