Fahamu: Kwa nini fimbo haimalizi ukorofi wa mtoto
Mzazi wa Maisaka, mjini Babati, akilalamika kwamba mwanawe wa miaka minne anawauma wenzake na kujitupa chini kila akikatazwa, ushauri huja haraka: mchape. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Mwaka 2014 mtafiti Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Karibu wote walikwisha kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi ndio waliokuwa wagomvi na wakaidi zaidi. (Kweli, mtoto mkorofi naye huita fimbo, na utafiti wa mara moja hautenganishi hayo mawili.)

Mwanasaikolojia Mmarekani Gerald Patterson alieleza mzunguko unaokuza ukorofi huo. Mtoto analia, mama anachoka, anampa anachotaka. Kesho kilio kinazidi. Siku mama akifoka na mtoto akanyamaza, mama naye amejifunza kufoka. Mzunguko hukatika mtoto anapoangaliwa na kusifiwa akiwa ametulia, si pale anapovunja kikombe tu. Kwa mwelekeo huohuo, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto hadi miaka 8, iliweka malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kuitikia mahitaji ya mtoto, sambamba na afya na lishe.