Mkono mmoja, waimbaji wawili: namna ya kujifunza zoezi gumu la Chopin

Mpiga kinanda wa kwaya hapa Salamabila anaweza kujiuliza: vidole vyangu vinakimbia vizuri, lakini kwa nini wimbo hausikiki? Zoezi la 3 kati ya yale 12 ambayo Chopin, mtu wa Poland, alichapisha mwaka 1833 linafundisha jambo hilo.

Mule, mkono wa kuume unafanya kazi ya watu wawili. Kidole kidogo na jirani yake, vile vyenye nguvu kidogo, ndivyo vinabeba soprano. Kidole gumba na shahada vinajaza alto. Ukibonyeza vyote sawa, alto inafunika soprano.

Anza polepole. Piga soprano peke yake huku ukiiimba. Pale unapovuta pumzi, inua kifundo cha mkono kidogo: Chopin alifananisha kifundo na pumzi ya mwimbaji. Kisha ongeza alto, chini-chini. Mkono wa kushoto uje mwisho.

Kinanda kidogo cha betri mara nyingi hakijui nguvu ya kidole. Basi shikilia soprano, alto uiachie mapema.

Mkono ukiuma, simama. Maumivu si alama ya bidii, na mkono ulioumia unaweza kukaa miezi bila kupiga.

Umeme ao betri ikiisha? Endelea kuimba, vidole juu ya meza.